Anayekunywa maji aruhusiwe kuuona msitu

Ukitembea katika vilima vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hutakwenda mbali kabla ya kukutana na kibao kinachosema hapa ni chanzo cha maji, hairuhusiwi kulima, kulisha mifugo, kukata miti wala kuingia. Vibao vya namna hiyo viko nchi nzima, na nimekuwa na mazoea ya kutazama kilicho nyuma yake kabla ya kusoma maandishi. Nyuma ya kibao kimoja msitu umesimama, majani yameoza chini, kijito kinasikika bila kuonekana. Nyuma ya kingine kuna mahindi yaliyofika kiunoni, mikaratusi michache na tanuri la matofali linalofuka moshi. Amri ni ile ile, sheria ni ile ile. Tofauti ninayoiona, tena na tena, ni ya watu. Pale penye msitu pana wanakijiji wanaoujua na kuupita mchana kweupe kwa ruhusa ya kamati yao. Pale penye mahindi hakuna raia mwema anayeingia, kwa kuwa kibao kimemkataza, na amebaki mwenye panga ambaye hajali kibao.

Kwa hiyo nasema mapema nitakalolitetea hadi mwisho. Misitu inayolinda maji ya kunywa ya Kasulu, Kibondo na vijiji vyake ifunguliwe kwa wageni. Sisemi iachwe wazi kama gulio. Nasema pawe na njia iliyochaguliwa, kiongozi kutoka kijiji cha jirani, daftari la kuandikisha majina na masharti yasiyo na upendeleo. Banio lenyewe, matanki na nyumba ya dawa vibaki na uzio na kufuli. Lakini mlima unaoyazaa maji hayo uonwe na wanaoyanywa: mwanafunzi, mama lishe, fundi cherehani, mwenye nyumba anayelipa bili kila mwezi, dereva wa bodaboda, shehe na mchungaji. Kwa miaka tumewaambia watu watunze kitu ambacho wakati huo huo tumewakataza kukiona. Nani anaweza kutunza hivyo?

Bomba tunalijua, mlima hatuujui

Muulize mtoto wa darasa la tano pale Murubona, mjini Kasulu, maji yanatoka wapi, atakuonyesha bomba. Muulize mzazi wake, atataja mamlaka ya maji. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanaishia njiani. Usione vyaelea, walisema wahenga, vimeundwa.

Miji hii miwili imekaa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa miongo mingi imenyweshwa na chemchemi na vijito vya milima inayoizunguka, maji mengine yakishuka kwa mserereko pasipo pampu. Hatuna ziwa mlangoni kama watu wa Kigoma Ujiji. Hatuna bwawa kubwa la kunywa kama Mindu ya Morogoro. Bwawa letu ni mlima wenyewe.

Mvua ikianza Novemba, tone linaloangukia jani la mninga huvunjwa nguvu kabla halijagusa ardhi. Chini hupokewa na tandiko la majani makavu, kisha na udongo uliotobolewa na mizizi, mchwa na minyoo, likazama. Husafiri polepole ndani ya mlima na kutokeza chemchemini miezi mingi baadaye, pengine Agosti, wakati mbinguni hakuna hata wingu la kudanganyia. Mlima ukinyolewa, tone lile lile hupiga ardhi tupu, huchukua udongo na kufika kijitoni siku hiyo hiyo likiwa tope. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kupata maji machafu Machi na kukosa maji kabisa Septemba. Wengi huyahesabu kuwa matatizo mawili, la kwanza wakamlalamikia fundi, la pili wakamwachia Mungu. Yote mawili yameanzia kwenye mteremko mmoja uliolimwa.

Malalamiko ya maji ya bomba yenye rangi ya udongo yamesikika Kasulu kwa miaka mingi. Na gharama yake haiishii ofisini. Maji yakiwa na tope, mtambo unahitaji shabu zaidi kuyatuamisha, na klorini haifanyi kazi yake sawasawa kwa sababu vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo. Nyumbani, mama anayachotea kwenye beseni, anasubiri yatuame, anayachuja kwa kitambaa, halafu anachemsha. Kuchemsha ni kuni au mkaa. Mkaa umetoka wapi? Umetoka mlima ule ule, au mlima wa jirani yake. Tope la mwaka huu linachoma miti ambayo ingezuia tope la mwaka ujao. Asiye na uwezo wa kuchemsha hulipia zahanati, kwa homa ya matumbo na kwa kuhara kwa watoto. Maji yakikatika, vijana wa baiskeli hupandisha madumu kwenye vilima, na bei ya dumu huamuliwa na urefu wa kilima na ukali wa jua.

Kasulu imo katika mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022. Mradi huo naupokea kwa furaha, na kila mwenye kubeba ndoo anaupokea hivyo. Lakini mtambo wa kuchuja, hata uwe mpya namna gani, huchuja kile ambacho mlima umeuletea. Waulize watu wa Morogoro jinsi tope la mashamba ya juu linavyokula kina cha Mindu mwaka hadi mwaka. Bomba jipya linaloanzia kwenye mlima mkavu litasambaza nini?

Msitu ulikuwa na wenyewe

Buha, nchi ya Waha, haikuanza kulinda maji kwa kibao. Chini ya watawala wa Heru, Muhambwe na Buyungu, na kabla yao, walikuwapo abateko, wazee waliokabidhiwa ardhi ya eneo fulani pamoja na mambo yake: matambiko ya mbegu, ya mvua iliyochelewa, ya wadudu walioingia shambani, na mahali ambapo mtu hakugusa bila ruhusa. Mzee wa aina hiyo hakuilinda nchi kwa kukaa mbali nayo. Kazi ilimtaka aijue kwa miguu, kilima kwa kilima. Na aliyekwenda naye, kijana au mgeni, alirudi akijua kwa nini kichaka fulani hakikatwi.

Kamba hiyo iliyomfunga mtu na mlima wake ilikatwa mara nyingi. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu za Kibondo na Kasulu na kuwakusanya kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale. Miaka ya 1970 zikaja operesheni za vijiji, familia zikaacha vilima vya babu zao na kujipanga kandokando ya barabara. Katikati ya hayo misitu mikubwa iliwekewa bikoni na kuitwa hifadhi ya serikali. Sibishani na nia. Nasema tu kwamba kila hatua iliongeza umbali kati ya mtu na chemchemi yake.

Halafu wakaja jirani zetu wakikimbia vita. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na mwaka 2015 Warundi waliingia kwa maelfu, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena, na mwaka uliofuata Mtendeli ya Kakonko, ambayo ilifungwa 2021. Mkoa huu umepokea wageni wengi kuliko mikoa mingi ya nchi, na kwa hilo unastahili heshima. Watu zaidi ya laki moja wakiwekwa sehemu moja, wanapika. Wanapika kwa kuni. Ni rahisi kumnyooshea kidole mkimbizi aliyebeba mzigo wa kuni kichwani, na nimesikia wengi wakifanya hivyo. Lakini tanuri za matofali zilizojenga nyumba zetu za mjini zilichomwa na nani? Mkaa ulioko kwenye magunia kando ya barabara ya Mvugwe unamngoja mteja gani?

Kilichoniuma zaidi katika historia hii ni kwamba kizazi kizima kimeujua msitu kupitia mgambo, faini na kesi. Mgogoro wa wakulima wa kijiji cha Kagera Nkanda na hifadhi ya msitu ya Makere Kusini ulichukua miaka, na mtoto aliyezaliwa wakati ukianza amekua akisikia neno hifadhi likitajwa kwa hasira mezani. Mtoto huyo hajawahi kupelekwa msituni na mtu mzima anayeupenda, akaonyeshwa mahali maji yanapochomoza chini ya jiwe. Akipewa panga akiwa na miaka 20, tumshangae?

Sheria zenyewe hazikutaka iwe hivi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kuwa na misitu yao ya hifadhi na kushirikiana na serikali kusimamia ile mikubwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa, yaani zile shughuli zinazoweza kuharibu. Mtu anayepita kwa miguu kwenye njia aliyoonyeshwa, kisha akarudi, si mharibifu. Huku kwetu Kigoma, mpango wa TACARE ulioanzishwa na taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 ulijifunza mapema kwamba sokwe wa Gombe hawatapona kama wanavijiji wa milima ya jirani hawana sauti juu ya misitu yao. Wanakijiji wakachaguliwa kuwa waangalizi, wakawa wanapita msituni na kuandika wanachokiona. Kama kupita msituni kulifaa kwa sokwe, kwa maji ya kunywa kunashindikana vipi?

Tanga wamekwisha kuonyesha njia

Watu wa Jiji la Tanga wanakunywa mto Zigi. Mto huo unaanzia katika milima ya Usambara Mashariki, unapita katika misitu ya Amani, unateremka na kujaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978 kwa ajili ya maji ya jiji. Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Na je, imefungwa? Hapana. Mgeni anafika Zigi, anakuta kituo cha wageni katika nyumba iliyokuwa ya msimamizi wa stesheni ya reli enzi za Wajerumani, analipa, anapewa kiongozi mwenyeji wa milima hiyo, anatembea. Wanafunzi wanafika. Watafiti wa ndege na vyura wanafika. Anayekunywa maji ya Mabayani anaweza kupanda juu akaona kikombe chake kinakoanzia.

Sidai kwamba Amani haina matatizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji walivamia kijito huko Sakale wakitafuta dhahabu, na maji ya mto yakachafuka. Lakini tazama kilichofuata kwa upande wa wakulima. Wenye mashamba kando ya Zigi na kijito chake cha Kihuhwi wakaunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kulima bila kuuharibu mto, na mamlaka ya maji ya jiji ikashirikiana nao. Hiyo ndiyo mamlaka iliyotoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, ya kwanza ya aina yake kwa mamlaka ya maji nchini. Mtu wa mjini na mtu wa mlimani waliwahi kutazamana usoni kabla ya kuzungumza fedha. Huku kwetu hawajatazamana.

Unguja nako kuna msitu wa Masingini, juu kidogo ya mji wa Zanzibar, ambao umehifadhiwa kwa ajili ya maji yanayoulisha mji huo, na mtu anaweza kuutembelea akiwa na ruhusa. Eneo hilo, pamoja na Bububu iliyo jirani, lina historia ndefu: Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyevuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Kenya wana Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, chemchemi ambazo maji yake yamechujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu na ambayo tangu miaka ya 1950 yamekuwa yakisafirishwa kwa bomba zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Watalii wanashuka pale, wanatembea na askari kwenye njia iliyopangwa, wanatazama viboko na samaki. Na Mombasa wanakunywa. Kama maji ya mji wa bandari yanaweza kuvumilia wageni walioongozwa vizuri, maji ya Biturana kule Kibondo yatawaogopa wanafunzi 30 wenye viatu safi?

Hofu ya uchafu ni ya haki

Mhandisi wa maji akisoma mpaka hapa ataniuliza swali la maana: wageni watajisaidia wapi? Swali hilo silipuuzi hata kidogo. Mtu mmoja mwenye homa ya matumbo akijisaidia juu ya chanzo anaweza kuuangusha mtaa mzima. Sabuni, mafuta ya pikipiki, moto wa kuchoma mihogo uliosahaulika mwezi wa Agosti nyasi zikiwa kavu, yote ni hatari za kweli. Mji wa Melbourne, Australia, umechagua jibu la kufunga kabisa: kwa zaidi ya karne misitu mikubwa inayoulisha imekatazwa kwa kila mtu, na maji yake yanasifiwa. Mtu anaweza kusema, basi na sisi tufunge.

Lakini kufunga kwa Melbourne ni kufunga kwa kweli. Wana mipaka inayolindwa, na jirani zao hawategemei msitu huo kwa kuni, dawa, uyoga na asali. Kufunga kwetu ni kibao. Hatuna walinzi wa kutosha, na hata tukiwapata, paka akiondoka panya hutawala. Kwetu sisi la kuamua ni nani aingie. Sasa hivi anaingia mkata mkaa, usiku, bila choo, bila daftari, bila macho ya mtu mwingine.

Kuna mfano mwingine wa nje ninaouona karibu zaidi na hali yetu. Jiji la Boston na miji jirani yake huko Marekani hunywa maji ya bwawa la Quabbin, ambalo msitu unaolizunguka umeyatunza kiasi kwamba maji hayo hayapitishwi kwenye mtambo wa kuchuja kama ilivyo kwa miji mingi, ingawa hutiwa dawa. Bwawa hilo lilijengwa kwa gharama ya watu: miji minne ya bonde hilo ilifutwa mwaka 1938, wakazi wakaondoka, hata makaburi yakahamishwa. Pamoja na thamani yote hiyo, umma unaingia. Unaingia kwa mageti yenye namba, kwa miguu, kwa masharti makali: hakuna kuogelea, hakuna mbwa, hakuna kuwasha moto. Sehemu zilizo karibu na yanakochukuliwa maji hazikanyagwi. Watu wanazijua kanuni na wengi wanazilinda wenyewe, kwa sababu wamekwisha kulipenda bwawa lao.

Masharti ya kwetu yaandikwe kwa udongo wetu. Ziara zifanyike kiangazi na mwanzoni mwa mvua, si wakati wa masika mazito ambapo kila mguu unaotelezea mteremkoni unaanzisha mfereji. Vyoo vijengwe chini ya banio, kwenye lango la kuingilia, na kila kikundi kipite hapo kwanza. Njia ipite mbali na ile mipaka ya mita 60 isipokuwa mahali pamoja pa kutazamia. Kiberiti, sabuni, mbwa na mifugo vibaki langoni. Makundi yawe madogo, yenye kiongozi mbele na mwingine nyuma. Na majina yaandikwe, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku daftari litakapoonyesha kwamba hakuna aliyeandikishwa Jumanne, na Jumatano mninga mmoja umekutwa chini, kamati itajua pa kuanzia kuuliza.

Faida nyingine ya wageni huonekana kwa mlinzi aliye peke yake. Mgambo wa msitu anayekaa mwezi mzima bila kuonana na mtu ni rahisi kutishwa na ni rahisi kununuliwa. Mgambo ambaye Jumamosi analeta kikundi cha wanafunzi, na Jumamosi nyingine akina mama wa kikoba, ana mashahidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mkono mtupu haulambwi

Sasa nifike mahali ambapo makala nyingi za mazingira hupita haraka, nami sitaki kupita. Kijiji kilicho juu ya chanzo kinapata nini? Kinaambiwa kisilime bondeni, ambako ndiko kabichi na nyanya hustawi kiangazi na ndiko ada ya shule inakotoka. Kinaambiwa kihamishe tanuri lake la matofali. Kinaambiwa kisichunge. Mara nyingi maji yenyewe yanapita kijijini ndani ya bomba la chuma kuelekea mjini, na mama wa kijiji hicho anachota kijitoni kwa kata. Hilo ni jambo la aibu, na hakuna kibao kinachoweza kulifunika.

Wenzetu wa Murang'a, Kenya, wanaijua hadithi hii vizuri. Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka 1994, lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la Nairobi. Kwa miaka mingi watu wa Murang'a wamelalamika hadharani kwamba mji unakunywa na wao wanatazama. Lakini pale pale wameanzisha jambo ninalotamani tuliige: mwaka 2004 zilianza kufanyika mbio za nusu marathoni kuzunguka bwawa hilo, kwa lengo la kuhamasisha utunzaji wa vyanzo vyake. Maelfu ya watu wa Nairobi wamepanda kule, wakahema kwenye vilima, wakanunua chai na mahindi ya kuchoma kwa wenyeji, wakaona maji yao. Mbio hazijamaliza malalamiko. Zimefanya malalamiko yawe na sura ya mtu.

New York walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1997 jiji hilo lilitia saini makubaliano na jamii za milima ya Catskill, likaamua kutumia fedha kwa ajili ya wakulima na misitu ya juu badala ya kujenga mtambo wa kuchuja ambao ungegharimu mabilioni ya dola. Hesabu yao ilikuwa ya kibiashara kabisa: kumlipa mkulima ni rahisi kuliko kuchuja tope lake.

Kibondo na Kasulu hatuna mabilioni. Tuna bili za maji, na tunaweza kuwa na kiingilio. Kiingilio kidogo, ambacho mwanafunzi halipi na mkazi wa kijiji cha chanzo halipi, kigawanywe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji: kwa kiongozi aliyeongoza, kwa kamati ya maliasili, kwa bomba la kijiji chenyewe. Hilo la mwisho liwe sharti la kwanza. Kabla mgeni hajaonyeshwa chanzo, kijiji kinachokilinda kiwe na kilula chake kinachotoa maji.

Na mgeni akifika awe na cha kununua. Mkoa huu una asali ya miombo ambayo haihitaji kusifiwa. Wabelgiji waliwahi kuleta hapa mradi mzima wa ufugaji nyuki. Mzinga ni mlinzi mzuri wa msitu kuliko mlinzi yeyote ninayemjua, kwa sababu mwenye mzinga hana sababu ya kuchoma moto wala kukata mti unaochanua. Mwanamke anayeuza lita moja ya asali kwenye lango la chanzo ameanza kupata kitu kutokana na kusimama kwa mti. Uyoga wa msimu, vikapu, ndizi mbivu, chai ya tangawizi ya Buhigwe: haya si mambo makubwa, lakini kwa nyumba inayohesabu mia mbili mbili ni daftari na kalamu za mtoto.

Jumamosi ya Wiki ya Maji

Kila mwaka kuanzia Machi 16 hadi 22 nchi yetu inaadhimisha Wiki ya Maji. Tunajua inavyokuwa: turubai, viti, hotuba, ngoma, mgeni rasmi anafungua bomba na kuonja glasi. Siku chache baadaye, Aprili 1, tunapanda miti kitaifa, mingine ikipandwa mahali ambapo hakuna atakayeimwagilia. Napendekeza kwa halmashauri zetu za Kasulu na Kibondo, kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, kwa mamlaka za maji za miji, kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kwa bodi ya maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika: Jumamosi ya wiki hiyo ikiwa mteremko umekauka, la sivyo Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, turubai lisifungwe. Kila mji uchague chanzo kimoja, kimoja tu kwa kuanzia, na watu wapande.

Waanze watoto wa shule ya kijiji kilicho karibu na chanzo, kwa sababu watakuwa waongozaji wa kesho. Wafuate madiwani, maana ndio wanaopitisha sheria ndogo na bajeti, na diwani aliyeona kwa macho yake mteremko uliolimwa juu ya banio hatakuwa na nafasi ya kusema hakuelezwa. Wafuate walipa bili waliochaguliwa mitaani kwa kura, si kwa kujuana. Wawepo wakimbizi walioko kambini kwa ruhusa inayotakiwa, kwa sababu kuna chemchemi wanazokunywa pamoja na sisi na miti tunayogombea nao. Bwana misitu na fundi wa maji wasimame pamoja mahali pa kutazamia, mmoja aeleze miti, mwingine aeleze bomba. Mara ngapi hao wawili wamewahi kueleza kazi zao mbele ya watu wale wale?

Maandalizi yake hayahitaji mfadhili. Njia inaweza kuchongwa kwa nguvu za wanakijiji wenye jembe na panga, wakilipwa posho ya siku. Choo cha lango ni tofali, bati na mlango. Daftari linauzwa dukani. Kinachohitajika ni maamuzi: kamati ya kijiji kukaa, halmashauri kupitisha sheria ndogo ya ziara, mamlaka ya maji kuchora mpaka wa eneo lisilokanyagwa na kuweka uzio wa kweli pale tu unapohitajika, badala ya kuusambaza mlima mzima kwa maneno. Bajeti za halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Wiki ya Maji. Diwani anayesoma makala hii ana muda wa kulipeleka jambo hili kwenye kikao kijacho, na mwananchi anayemjua diwani wake ana muda wa kumuuliza kama amelipeleka.